Kupanga kilomita za siku kwa pikipiki: Nakuru, Kisumu, Kitale na kurudi

Pikipiki ya cc 125 au 150 iliyotunzwa vizuri hutembea kilomita 40 hadi 50 kwa lita moja, na tangi lake hubeba lita 10 au zaidi. Ukijaza Nakuru unafika Kisumu na mafuta yanabaki zaidi ya nusu. Ni raha ya mfuko, lakini kwa mwili ni mtego, kwa sababu hakuna kitu kwenye pikipiki kinachokulazimisha kushuka. Mwenye pikipiki kubwa inayokunywa mafuta husimama kila baada ya saa mbili apende asipende. Wewe unaweza kukaa juu ya kiti saa nne mfululizo, na ikifika saa ya nne mikono bado inaendesha huku akili imeshapungua nusu. Kwa hiyo kilomita za siku zipangwe kabla ya kuwasha injini, na zipangwe kwa saa za kukaa kwenye kiti.

Kubadilisha kilomita kuwa saa

Kwenye lami unaweza kuona 80 kwenye spidi mita, lakini wastani wako wa safari nzima, vituo vikiwemo, utakuwa kati ya 45 na 50 kwa saa. Matuta ya kila soko, trela zinazopanda kwa gia ya kwanza, mifugo, na dakika za kunywa maji ndizo zinazokula tofauti. Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 185, basi hesabu saa nne. Nakuru hadi Eldoret ni kama 155, hesabu saa tatu na nusu. Kisumu hadi Busia ni kama 110, saa mbili na kidogo.

Kwa mtu ambaye hajazoea safari ndefu, kikomo kizuri ni saa nne hadi tano kwa siku, yaani kilomita 200 hadi 230 za lami. Aliyezoea, na pikipiki inamtosha vizuri, anaweza kwenda saa sita, kilomita 300. Zaidi ya hapo tunamshauri mtu afanye siku moja tu, barabara iwe nzuri, na kesho yake asisafiri.

Kuna kosa ambalo huwapata hasa waendesha boda. Mtu amekuwa kazini Nakuru mjini saa kumi na mbili kila siku kwa miaka, anajiambia saa sita za barabara kuu ni kitu kidogo. Kazi ya mjini ina mapumziko ndani yake: unamshusha abiria, unakaa stejini, unasimama, unacheka na wenzako. Mwili wake umezoea dakika kumi kumi. Haujazoea dakika 90 za mkao mmoja, upepo kifuani na macho yakiangalia mbali. Huyu naye aanze na kilomita 200.

Sio kilomita zote zina uzito mmoja. Njia yetu ya kuzipima ni hii: kilomita ya lami kavu hesabu moja, kilomita ya mvua, moja na nusu, kilomita ya marram (changarawe isiyo na lami), mbili, kilomita ya mlima wenye trela nyingi, moja na robo. Chukua Kisumu hadi Kitale kupitia Kakamega na Webuye, kama kilomita 155. Ukipita njia ya mkato yenye marram ya kilomita 20, hizo ni 40. Mvua ikikukuta kwa kilomita 50, hizo ni 75. Zilizobaki ni 85. Jumla 200. Kwenye ramani siku hiyo ilionekana nyepesi, lakini jioni utakuwa umechoka kama aliyetoka Nakuru hadi Kisumu na kupitiliza kidogo. Ukiwa na abiria, ongeza moja ya tano juu ya jumla, na usimamishe kila baada ya saa moja. Abiria hana usukani wa kushikilia, kwa hiyo yeye huchoka kabla yako, na abiria anayesinzia huivuta pikipiki upande kwenye kona.

Saa ya kutoka, saa ya kuegesha

Maseno iko kwenye ikweta, na barabara ya Nakuru–Eldoret nayo huivuka. Faida yake ni kwamba mwanga haubadiliki mwaka mzima: jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 12 na nusu jioni. Panga uwe umeegesha saa 11 jioni. Ile saa moja na nusu inayobaki ni akiba ya pancha, mvua au msongamano. Ukiipangia kilomita tangu mwanzo, pancha moja itakuingiza gizani.

Kutoka saa 10 usiku ili "kuwahi barabara ikiwa tupu" ni hesabu mbaya. Kati ya saa 8 na saa 11 usiku mwili uko chini kabisa kwa usingizi hata kama umelala mapema, na barabara hizi zina punda, mashimo na malori yaliyoharibika yasiyo na taa. Toka saa 12 na nusu, kukiwa kumepambazuka.

Mvua ya Kericho na ya Kakamega hupenda mchana, kuanzia saa 8 hivi, na Kericho huleta ya mawe. Ukitoka Nakuru saa 12 na nusu asubuhi unapita Kericho kabla ya saa 4, na Kisumu unaingia kabla ya adhuhuri. Ukitoka saa 6 mchana kwa sababu ulichelewa kufunga mizigo, unaikuta mvua palepale kwenye mashamba ya chai. Kutoka Eldoret kuja Nakuru mambo hugeuka: asubuhi mapema Burnt Forest na Timboroa huwa na ukungu, na ni heri kusubiri hadi saa 2.

Jua nalo liangalie. Ukienda magharibi asubuhi na kurudi mashariki mchana, jua liko mgongoni siku zote mbili. Ukielekea Busia saa 10 jioni linakupiga machoni kwa saa nzima, na macho yaliyokunjwa huchoka haraka kuliko mgongo. Isitoshe, kandokando ya ziwa wadudu hutoka jioni na kupaka kioo cha helmeti. Beba kitambaa chenye maji kidogo. Kukipangusa kikavu hukichuna, na kioo kilichochunwa hutawanya taa za magari yanayokuja.

Kusimama

Kituo cha kwanza kiwe baada ya kilomita 30 tu. Hapo hujachoka, unasimama kuangalia mizigo imekaa vipi, kamba zimelegea wapi, na kama glavu au kola inakusugua. Kitu kinachosugua kidogo kilomita ya 30 huwa kidonda kilomita ya 150, na maumivu ni uchovu pia, maana hukutoa mawazo barabarani.

Baada ya hapo simama kila dakika 75 hadi 90, dakika 10 hadi 15. Tumia saa, wala usingoje kujisikia, kwa sababu mtu aliyechoka ndiye wa mwisho kujua. Ukishuka, vua helmeti na glavu, tembea hatua mia moja hivi, nyoosha mapaja kwa kuvuta kisigino hadi kwenye makalio, zungusha viganja, kunywa maji kama mililita 300, na ukojoe. Kisha gusa tairi, cheni na kamba kwa mkono. Kukaa juu ya pikipiki iliyosimama ukisoma simu si kupumzika, kwani magoti bado yamekunjwa na shingo bado imeinama.

Mahali pa kusimama ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha barabara kwenye makutano ya Londiani na kuwagonga wachuuzi, magari na waendesha boda waliokuwa kando. Waliokufa walipita 50. Usipumzike kwenye kona, chini ya mteremko, wala kwenye makutano, hata kama ndipo kuna mahindi choma. Ingia ndani ya kituo cha petroli au nyuma ya jengo, mita 20 au zaidi kutoka kwenye lami.

Kituo cha tatu kiwe kirefu, dakika 40 au 45, na kikiwezekana kiangukie kati ya saa 7 na saa 9 mchana, kwa sababu wakati huo usingizi huja hata kwa aliyelala vizuri na hajala kitu. Chakula kizito huuongeza. Ugali mkubwa na samaki wa Kisumu ni wa jioni, ukishaegesha. Mchana kula kidogo kidogo: ndizi mbivu mbili, njugu karanga, yai la kuchemsha, chapati moja.

Baridi ya Timboroa, joto la Ahero

Safari za huku zina shida moja ambayo watu wa tambarare hawaijui: siku moja hiyohiyo unapanda na kushuka zaidi ya mita elfu moja. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Timboroa hupita 2,700, Kisumu iko karibu 1,130. Asubuhi ya nyuzi 10 huko juu, ukiwa kwenye mwendo wa 80, ngozi iliyo wazi huhisi kama nyuzi 4. Vidole huganda, breki na klachi huchelewa kubanwa, mabega hujikunja, na mwili hutumia nguvu nyingi kujipasha joto. Mtu akishuka hapo hujisikia kama aliyelima shamba.

Vaa kabla ya kupanda mlima. Mwili ukishapoa, koti halikupashi tena kwa haraka. Linazuia tu upoe zaidi. Kwa hiyo simama mapema, kabla ya Mau Summit, pale juu ambapo barabara za Kericho na Eldoret huachana, uvae tabaka la pili. Karatasi za gazeti tatu au nne kifuani chini ya koti huzuia upepo vizuri sana na hazigharimu kitu. Glavu za mpira za kuoshea vyombo juu ya glavu zako za kawaida huzuia mvua na upepo pamoja, ila chagua saizi kubwa ili vidole visibanwe kwenye breki. Koti la mvua liwe la vipande viwili, na suruali yake ivaliwe tone la kwanza linapoanguka. Suruali iliyolowa kwenye mwendo huendelea kukuondolea joto hata mvua ikikatika.

Ukishateremka, Awasi na Ahero zinakungoja na joto la nyuzi 30. Hapo watu huvua kila kitu na kuendesha kwa fulana, wakidhani upepo unawapoza. Unapoza kweli, lakini unakausha jasho kabla hujaliona, na maji yanatoka mwilini bila habari. Bakia na koti jepesi, fungua zipu za mikono, na funga leso iliyoloweshwa shingoni. Kunywa nusu lita kwa kila saa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umeshachelewa, na kichwa kitakachouma saa 9 kinatokana na hapo. Kinywaji cha kurudisha maji ni rahisi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi.

Vitu vidogo kwenye pikipiki vinavyochosha mwili

Begi la mgongoni livuliwe. Kilo saba mabegani kwa saa nne ndizo zinazoleta maumivu ya shingo ambayo mtu husingizia umri. Lifunge kwenye kiti nyuma yako kwa mpira wa tyubu, vitu vizito chini na karibu nawe, vyepesi kwenye keria. Ngozi ya kondoo juu ya kiti hupitisha hewa na kupunguza joto la makalio. Vaa kaptura ya kubana isiyo na mshono katikati; mshono wa jinzi ndio unaoleta vidonda.

Ganzi ya vidole husababishwa na mtikisiko wa injini ya silinda moja pamoja na mkono unaokaba. Shika usukani kama ulivyoshika yai, bana tangi kwa magoti, na kila baada ya dakika 20, barabara ikiwa wazi, simama juu ya vyuma vya kukanyagia kwa sekunde 30. Cheni iliyolegea huongeza kurukaruka kwa kila gia, kwa hiyo iache na mchezo wa milimita 20 hadi 30 tu. Upepo wa tairi fuata maandishi ya pikipiki yako. Kwa nyingi za kazi ni karibu psi 25 mbele na 28 nyuma, 32 ukiwa na abiria au mzigo. Tairi laini huifanya pikipiki iyumbe kila trela inapokupita, na kuirudisha mstarini mara mia mbili ni kazi.

Kisha kelele. Upepo ndani ya helmeti kwenye mwendo wa 80 na kuendelea huchosha ubongo na kuharibu masikio, na wengi hawajui ndio unaowaacha wakisikia mlio kitandani. Vizibo vya sponji vya masikio ni bei ndogo. Honi na injini utazisikia bado.

Dalili za kusimama sasa hivi

Kusinzia huja mwishoni. Kabla yake kuna dalili ndogo, na aliye peke yake lazima azisake mwenyewe. Indiketa imebaki ikiwaka tangu ulipolipita lori. Unatafuta gia ya tano ambayo pikipiki yako haina. Umeruka tuta ambalo hukuliona. Unakata kona kwa upana zaidi kidogo kuliko ile iliyopita. Macho yameganda kwenye mkia wa trela iliyo mbele, na umekaa nyuma yake dakika tano ukivuta moshi bila sababu. Matatu imekukata njia na hasira haiondoki.

Kipimo kizuri zaidi ni cha majina. Ukitoka Kericho kwenda Kisumu, jiulize kituo cha mwisho ulichopita ni kipi, na cha kabla ya hicho. Kapsoit? Awasi? Kama huwezi kuvikumbuka vyote viwili, umeendesha sehemu hiyo bila akili kuwepo. Kwenye 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Macho yakifumba sekunde tatu, umepita mita 66 ukiwa kipofu.

Ikifika hapo, kufungua kioo, kuimba na kujipiga mashavu havifanyi kazi zaidi ya dakika chache. Kinachofanya kazi ni kulala. Tafuta mahali salama, kunywa kahawa kikombe kimoja, kisha lala papo hapo dakika 15 hadi 20 huku simu ikiwa imewekwa kengele. Kahawa huchukua dakika 20 hadi 30 kuanza kazi, kwa hiyo unaamka nayo. Usipitishe dakika 30, utaamka mzito. Ukiamka tembea dakika kumi kabla ya kupanda. Baada ya saa 9 mchana acha kahawa, maana itakuibia usingizi wa usiku.

Miraa na vinywaji vya nguvu huficha usingizi bila kuuondoa. Macho yako wazi, uamuzi umeshuka, na vikiisha nguvu unaanguka mara moja, mara nyingi jioni barabarani. Dawa za mafua na mzio zenye chlorpheniramine husinzisha; ukizimeza asubuhi, siku hiyo si ya safari. Pombe ya usiku uliopita nayo ihesabu.

Kurudi kupitia Mau Summit

Hapa ndipo tunaomba msomaji asome polepole. Kitale hadi Nakuru ni kama kilomita 225. Ukifuata mpango wa kawaida, unafika Mau Summit ukiwa na saa tatu na nusu au nne kwenye kiti, ikiwa siku ya tatu ya safari, nyumbani kumebaki chini ya kilomita 60. Moyo unasema malizia. Mbele yako kuna mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, wenye trela zilizojaa zinazoteremka na breki za moto. Yaani sehemu mbaya kuliko zote imewekwa pale mwili ulipo dhaifu kuliko wakati wote.

Simama Mau Summit nusu saa, hata kama hujisikii kuchoka. Kula, kunywa, lala kidogo. Ukianza kuteremka, shuka kwa gia ya chini ili injini isaidie breki. Usikae mbele ya trela: mpishe mapema, mahali unapoona mbali, akutangulie. Ukisikia honi ndefu nyuma au harufu ya breki zinazoungua, toka nje ya lami kabisa. Kama kumebaki chini ya saa moja ya mwanga, au mvua imeanza, lala huko juu. Chumba cha usiku mmoja ni gharama inayolipika.

Jioni, na siku zinazofuata

Siku ya kwanza hubebwa na furaha, ya pili inauma, ya tatu ndiyo huleta makosa. Punguza kilomita kidogo kidogo: 230, 200, 170. Baada ya siku tatu mfululizo pumzika siku nzima. Kisumu au Kitale panafaa. Kama mzunguko wako lazima umalizike na 225 za Kitale hadi Nakuru, basi siku hiyo ya mapumziko iweke kabla yake.

Ukiegesha, paka cheni mafuta ingali na joto, yaingie vizuri kwenye viungo. Fanya hivyo kila kilomita 500, na kila baada ya mvua. Pima oili injini ikiwa imesimama wima na imepoa dakika chache. Toa viatu na glavu nje vikauke, jaza karatasi ndani ya viatu vilivyolowa. Andika kwenye daftari saa ulizokaa kwenye kiti, ulipoanza kuchoka, na kilichokuuma kwanza. Baada ya safari tatu utakuwa na kikomo chako mwenyewe badala ya hiki chetu. Kisha kula huo ugali, na uwe kitandani saa 3 usiku ili upate saa saba kamili kabla ya saa ya kuamka.